Mshumaa haupimi mazuku

SWALI: Nimetoka Butembo, natafuta nyumba ya kununua hapa Goma, upande wa Kyeshero, si mbali na ziwa. Nimepata moja, bei yake nzuri kupita nyingine zote nilizoona. Lakini nyuma ya jiko kuna bonde dogo la mawe meusi, na jirani ameninong'oneza kwamba lina mazuku, ile gesi ya ardhini inayoua. Komisyoneri, yaani dalali wa nyumba, alishusha mshumaa ndani mbele ya macho yangu, haukuzimika, akasema hayo ni maneno ya watu wenye wivu. Anataka avansi, malipo ya kwanza, kabla ya Jumapili. Nifanyeje? — Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, avansi usiitoe bado. Mazuku yenyewe sitakueleza kwa urefu, jirani amekwisha kukuambia, na katika kazi hii yangu ya kupima gesi za ardhini jirani ndiye shahidi wa kwanza ninayemwamini. Nitasema juu ya huo mshumaa, kwa sababu nakutana nao karibu kila mwezi na siwezi kuunyamazia.

Kwanza, ulipelekwa pale saa ngapi? Wanaoniletea swali hili karibu wote walipelekwa mchana, saa sita au saa saba, jua kali na upepo wa ziwa unavuma. Saa hizo hewa inachanganyika na gesi inapungua. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina rangi wala harufu. Usiku kukiwa baridi na upepo umelala, inatulia mabondeni kama maji kwenye beseni, na alfajiri beseni limejaa. Anayekuonyesha nyumba mchana tu amekuonyesha nusu ya nyumba.

Sasa chukua kwamba mshumaa umeshushwa alfajiri. Bado haufai. Hewa tunayovuta kila siku ina gesi hii kiasi cha asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 5 mtu anaanza kuhema na kichwa kinamgonga, na mshumaa unawaka vizuri kabisa. Ikipita asilimia 10, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Kwa hiyo ukingoja mshumaa uzimike ndipo uogope, wewe umetangulia kuanguka. Na huyo komisyoneri aliushusha hadi wapi? Wengi wanaushika usawa wa goti, wanasema "mama, umeona?", wanauzima kwa kuupuliza. Mtoto anayetambaa hapumui usawa wa goti.

Siku moja niliitwa kwenye bonde kama hilo lako, upana wake haukuzidi kitanda. Mchana kifaa nilichokifunga kwa kamba hakikuonyesha la kutisha. Nikarudi kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kiunoni kilikaa kimya. Nilipokifikisha kwenye vifundo vya miguu kilianza kulia, na hakikunyamaza hadi nilipokivuta juu. Chini palikuwa na mijusi miwili na kifaranga cha kuku, hawana jeraha, wamelala kama waliosinzia. Mwenye nyumba aliniambia kuku wake huwa wanaibiwa.

Kuna na dawa nyingine ya uongo: "tutajaza mawe, tumwage saruji juu, basi imekwisha." Haijaisha. Gesi hii inatoka chini sana, kwenye joto la volkano, inapanda kwa nyufa za miamba, na lava yetu imejaa matundu. Ukiziba mdomo mmoja itatafuta mwingine, na huenda ukawa chini ya sakafu ya chumba ambamo wanao wanalala kwenye godoro chini, mlango na dirisha vimefungwa. Heri bonde lililo wazi, ambalo kila mtu analijua na limezungushiwa ua, kuliko lililofichwa chini ya saruji.

Watu wanaohamia Goma wananiuliza lava tu. Naelewa, wamesikia habari za tarehe 17 Januari 2002 ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ilipokaribia uwanja wa ndege. Ni vema kuuliza hilo pia. Lakini lava ya Nyiragongo, volkano yetu, inapita miaka mingi bila kushuka mjini, na mazuku yapo kila usiku.

Karatasi nazo zisikutulize. Certificat d'enregistrement, hati ya umiliki, hakikisha ipo, na ukaulize mwenyewe kwa conservateur, mtunza hati za ardhi, kama ni ya kweli. Ila karatasi ile inasema mipaka na jina la mwenye haki, haisemi kitu juu ya hewa.

Rudi pale alfajiri, hasa baada ya usiku wa baridi usio na upepo, bila komisyoneri, na usishuke bondeni. Simama juu utazame kama kuna wadudu, ndege au panya waliokufa. Uliza watoto wa majirani ni wapi wanakatazwa kucheza, hao hawapati komisyo. Kisha tafuta mtu mwenye kifaa cha kupima, apime bondeni na ndani ya kila chumba, sakafuni. Ukikosa njia, anzia Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano. Muuzaji akikataa kupimiwa nyumba, tafuta nyingine.

Na kwa wote mnaojenga upande huo: kuweni macho mnapochimba fosi, shimo la choo. Shimo la mita mbili kwenye lava linaweza kujaa usiku mmoja tu, fundi akashuka asubuhi asipande tena. Halafu mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anabaki. Nimekaa kwenye matanga yenye majeneza mawili kwa sababu hiyo. Ukimwona mtu ameanguka shimoni au bondeni, usishuke. Piga kelele watu waje, mvuteni kwa kamba au kwa mti wenye ndoano, ninyi mkiwa juu. Na anayechimba afungwe kamba kiunoni tangu mwanzo, mtu wa kuishika akae juu hadi kazi iishe.