Umepata PR (ukaazi wa kudumu) ya Canada kwa kuteuliwa na jimbo na sasa unataka kuhama: niliyojifunza kati ya Winnipeg na Edmonton

Karibu kila mtu aliyeteuliwa na Manitoba au Saskatchewan ananiuliza swali lile lile, "kaka, nikishatua naruhusiwa kwenda Toronto, au Alberta?" Na majibu ya mtaani ni mawili. Wapo wanaosema lazima ukae miaka miwili la sivyo unanyang'anywa PR, na wapo wanaosema we tua tu, hata kesho yake panda ndege nyingine, hakuna atakayekufuata. Yote mawili si kweli na nimeona watu wakiumia kwa kuyafuata, mmoja alikaa kwenye kazi inayomuumiza mgongo mwaka mzima zaidi kwa kuogopa sheria ambayo haipo.

Mimi nilitua Winnipeg, Manitoba, Oktoba 2019 kwa MPNP, yaani mpango wa Manitoba wa kuteua wahamiaji, na mke wangu na mtoto mmoja, tukahamia Edmonton, Alberta, Agosti 2022. Kwa hiyo nasema nilichopitia mwenyewe.

Kwanza sheria. Katiba ya Canada, ile Charter ya 1982 kifungu cha 6, inampa raia na mwenye PR haki ya kuhamia jimbo lolote na kutafuta riziki huko. Haitaji miezi wala miaka. PR yako ni ya Canada nzima, siku 730 ndani ya miaka 5 za kulinda PR zinahesabiwa popote ulipo Canada, na zile 1,095 za kuombea uraia pia, kuhama hakufuti hata siku moja.

Sasa hapa ndipo watu wanaposoma nusu tu. Wewe hukupata PR kwa njia ya kawaida, jimbo ndilo lililokuteua, na kanuni za uhamiaji zinataka mtu aliyeteuliwa awe na nia ya kuishi kwenye jimbo hilo. Uliandika hivyo, ukasaini, na Manitoba wanakutaka hadi ujaze mpango wa utakavyoishi, utafanya kazi gani, utaanzaje. Kama ulipoandika yale ulikuwa tayari una mpango wa kwenda Toronto, basi ulidanganya, na kosa ni huo uongo. Adhabu yake ni kubwa, unaweza kupoteza PR na kufungiwa miaka 5, na hata ukishapata uraia mambo ya uongo yanaweza kufukuliwa. Kwa hiyo muda uliokaa peke yake sio hoja, hoja ni siku uliyosaini na siku uliyotua moyoni mwako ulikuwa unakwenda wapi. Muda unasaidia kwa sababu unaonyesha ulijaribu.

Ndio maana siku ya kutua ni siku ya kuwa makini. Ofisa pale dirishani anaweza kukuuliza unaelekea wapi, na utaandika anwani ya kutumiwa PR kadi. Kama mambo yamebadilika kabla hujasafiri, labda mwajiri aliyekupa ofa amefunga, usibebe hiyo siri mpaka uwanja wa ndege, waandikie jimbo na IRCC (idara ya uhamiaji ya Canada) mapema na ongea na mwanasheria wa uhamiaji au mshauri mwenye leseni. Usimsikilize shemeji wa mtu aliyetua 2009.

Na hapa niseme jambo ambalo linanigusa sana. Mimi nilipita kwa sababu binamu yangu alikuwa Winnipeg, yeye ndiye alisimama kama mtu wangu kwenye maombi, akasaini kwamba atatusaidia kujipanga, akatupokea, tukalala sebuleni kwake wiki saba kwenye ile winta ya kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Mtu kama huyo ameweka jina lake kwa ajili yako. Ukitua leo na wiki ijayo umeondoka bila hata kuomba kazi moja, yeye ndiye anabaki na aibu, na kesho akitaka kumsimamia mdogo wake anaanza kuogopa. Tafadhali kaa naye, mwambie ukweli wa mambo yanavyokwenda. Mimi nilimwambia binamu miezi mitano kabla ya kuhama na tulilia wote, lakini alinisaidia kufunga mizigo.

Kwa nini tulihama? Nilikuwa ghalani, masaa yakaanza kukatwa, kutoka 40 mpaka 24 kwa wiki. Mke wangu ana cheti cha kulea watoto, sehemu aliyokuwa anafanya ikapunguza watu. Nikaomba kazi Manitoba kwa miezi saba, kila jibu la kukataliwa nikalihifadhi kwenye folda moja ya imeili. Mkataba wa apatimenti, payslip zote, barua ya shule ya mtoto, return za kodi za miaka ile, vyote viko kwenye boksi moja na bado ninalo mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ila fomu ya uraia inataka anwani zako na kazi zako zote za miaka 5, na nilipoijaza sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu kila mstari ulikuwa na karatasi yake. Anza hiyo folda wiki ya kwanza uliyotua, usisubiri mpaka uamue kuhama.

Halafu usihame kwa stori. Mwaka 2022 kilichotuvuta ni namba, kima cha chini cha mshahara kwa saa Manitoba kilikuwa dola 11.95 wakati Alberta ni 15, na Alberta haina kodi ya mauzo ya jimbo, unalipa ile asilimia 5 ya serikali kuu basi. Lakini leo Manitoba imeshaipita Alberta kwenye kima cha chini, Alberta imebaki pale pale 15. Na kuna kitu hakuna aliyeniambia, Manitoba serikali inapanga kiwango cha juu cha kupandisha kodi ya nyumba kila mwaka kwa nyumba nyingi, Alberta hakuna kikomo, mwenye nyumba anaweza kupandisha mara moja kwa mwaka kwa kiasi anachotaka. Hata diposti, Manitoba mwisho ni nusu ya kodi ya mwezi, Alberta wanaweza kukudai mwezi mzima. Nilifika na hela ya diposti ya Manitoba, nikabaki namtafuta rafiki wa kunikopesha usiku. Usiondoke bila ofa ya kazi ya mmoja wenu iliyoandikwa, na akiba ya miezi mitatu kama mna mtoto.

Bima ya afya ndiyo ilitufundisha kwa maumivu. Ukihama jimbo, la zamani linaendelea kukulipia kwa muda mpaka la kwenda lianze, kwa Alberta inaanza siku ya kwanza ya mwezi wa tatu baada ya kufika, sisi tulifika Agosti ikaanza Novemba 1. Sasa katikati pale kadi ya Manitoba inalipa daktari na hospitali, ila hailipi ambulensi, na dawa ujilipie. Septemba mtoto alibanwa na pumu usiku, tukapiga 911, hospitali hatukulipa kitu lakini bili ya ambulensi ilikuja nyumbani karibu dola 400. Ningeita tena hata ingekuwa elfu, ni mtoto, ila ningekuwa nimenunua bima ndogo ya safari ya kufunika ile miezi. Kwa hiyo jiandikishe mara tu ukifika na usitupe kadi ya zamani. Na kama una dawa za kila siku chukua za miezi mitatu kabla hujaondoka.

Gari nayo. Manitoba bima ya gari ni ya shirika la jimbo, Alberta ni makampuni binafsi, na ukifika bila barua inayoonyesha historia yako ya udereva na madai ya bima wanakuhesabu kama dereva mpya. Mimi niliisahau, nikalipa bei ya dereva mpya miezi miwili mpaka barua ilipofika. Gari kutoka jimbo lingine lazima likaguliwe ndipo lisajiliwe, na una siku 90 za kubadili leseni na usajili.

Kodi ya mapato watu hawaijui kabisa. Jimbo unalolipa kodi ya mwaka mzima ni lile unaloishi Desemba 31. Kwa hiyo kama unatoka kwenye kodi ndogo kwenda kwenye kubwa, mfano Alberta kwenda Nova Scotia, ukiweza subiri Januari. Na risiti za kuhama tunza zote, lori, mafuta, hoteli, maana ukihama kwa ajili ya kazi na makazi mapya yako karibu na kazi mpya kwa angalau kilomita 40 kuliko ya zamani, unaruhusiwa kuzitoa kwenye kipato ulichopata kule kwenye kazi mpya. Winnipeg mpaka Edmonton ni kilomita 1,300 hivi, sisi tulilala njiani Saskatoon, risiti ya hoteli ile nayo ilihesabika.

Wenye taaluma, manesi, walimu, mafundi umeme, wale wa kulea watoto, cheti chako ni cha jimbo. Mafundi wenye Red Seal, ule muhuri wa ufundi unaotambulika majimbo yote, wana nafuu. Mke wangu aliomba cheti cha Alberta tukiwa bado Winnipeg na ndio maana alianza kazi wiki ya tatu, rafiki yake aliyesubiri mpaka afike alikaa miezi bila mshahara.

Mwisho, anwani. Badilisha CRA (mamlaka ya kodi), IRCC kama una maombi yoyote yanaendelea, benki, na lipia Canada Post wakuhamishie barua kwa mwaka mzima. Sisi tulilipia miezi minne tu, T4 ya Manitoba, ile karatasi ya mwajiri ya kujazia kodi, ikaja Februari kwenye apatimenti ya zamani, na kama sio jirani yetu Mrundi kumwomba mpangaji mpya ile bahasha na kutupigia simu, tungeikosa.