Mbona waliopigania serikali ndo wanaisema vibaya redioni?

SWALI: Mhariri salamu, mi naendesha lori huku Texas, usiku nafungulia redio ya AM nisisinzie, sasa kuna vipindi watu wanapiga simu wanaisema serikali mpaka nashangaa, na wengi wakijitambulisha utasikia nilikuwa Vietnam, nilikuwa Iraq. Mzee mmoja kazini naye alipigana Vietnam, hakosi kipindi. Kwetu mwanajeshi mstaafu ndo wa mwisho kuisema serikali hadharani. Hawa vipi? Na mbona hawafungiwi? – Dereva, Texas

JIBU: Kaka dereva, usiwaweke wote kapu moja, wanajeshi wastaafu Marekani ni mamilioni na wengi hawana habari na hivyo vipindi. Ila hao wanaopiga simu hawajaanza kukasirika bure. 1932 waliopigana Vita ya Kwanza walienda Washington kudai bonasi waliyoahidiwa kulipwa 1945, hali ilikuwa ngumu hawakuweza kusubiri mpaka huo mwaka, serikali ya Rais Hoover ikawatumia jeshi, Jenerali MacArthur akawatoa kwa mabomu ya machozi, vifaru viko nyuma, kambi ikaungua. Jeshi lilelile walilolitumikia!

Huyo mzee wenu sasa. 1964 Wamarekani waliambiwa meli zao zimeshambuliwa mara mbili Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, baadaye ikajulikana shambulio la pili halikutokea, na vita ikawa ishakolea. Kule ndege zao zikamwaga dawa ya sumu iitwayo Agent Orange kupukutisha majani ya msitu na wao wakiwa humohumo, wakarudi wakaanza kuugua, wakazungushwa weee mpaka 1991 ndo ikapita sheria ya kukubali baadhi ya yale magonjwa. 2014 tena ikagundulika hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, kule Phoenix, Arizona, inaficha foleni halisi ya wagonjwa, waziri wa maveterani Shinseki akajiuzulu, na yeye mwenyewe aliumia Vietnam.

Mtangazaji mjanja anaanzia hapohapo, anakupa kweli tatu halafu anachomeka la kwake. Mcheki William Cooper, aliwahi kuwa mwanamaji Vietnam, miaka ya 90 akawa anatangaza kwa masafa mafupi akiwa Arizona, hayahaya tuliyokuwa tunatafutia idhaa za Kiswahili, uongo halisi wa serikali anauchanganya na viumbe wa sayari nyingine na eti Rais Kennedy aliuliwa na dereva wake. Akaja kutafutwa kwa kesi ya kodi, na Novemba 2001 polisi walipomfuata akampiga risasi askari mmoja, naye akauawa. Kabla yake kuna Timothy McVeigh, alipigana vita ya Ghuba dhidi ya Iraq 1991 akapata medali, 1995 akalipua jengo la serikali Oklahoma City, watu 168 wakafa. Mi sisemi redio ndo ilimtuma, mwenyewe alitaja Waco, hukohuko Texas, ule moto wa 1993 uliowaua makumi ya waumini wa dhehebu moja walipozingirwa na FBI, ila hayo ndo yaliyokuwa yanachochewa hewani kila siku.

Kufungiwa sahau. Katiba yao inalinda maneno ya kuisema serikali, na ile kanuni iliyotaka kituo kitoe nafasi kwa pande zote iliondolewa 1987, vipindi vya kupiga simu vikachanua. Halafu ni biashara, sikiliza matangazo katikati ya kipindi, utasikia dhahabu na chakula cha kuhifadhi miaka, hofu ikiisha hapo nani atanunua? Kwa hiyo mzee akikuhadithia ya Vietnam aliyoyaona mwenyewe msikilize, akikuletea ya redioni muulize huyo mtangazaji anauza nini.