Usilitoe hilo gego Jumamosi!

Wewe wa Malindi unayesema gego la juu kushoto na sikio la upande huohuo vinakuuma kwa zamu tangu Ramadhani, na Jumamosi unaenda kulitoa "yaishe": usiende.

Mimi wa Lamu, na pengo nililo nalo juu lilikuwa jino zima. Halina tundu, halina kosa. Kwangu lilianza sikio: nikilaza kichwa tu linapwita, asubuhi kimya. Muuza dawa akanipa matone bila hata kuchungulia ndani. Yakiisha, chupa nyingine. Mtu anauza dawa ya sikio ambalo hajaliona, na mimi namwambia ahsante sana!

Kisha maumivu yakashuka kwenye gego la juu. Nikaenda kwa bwana mmoja mwenye koti jeupe. Akauliza, "Lipi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akadunga ganzi, akalitoa. Huo ndio uchunguzi wote, kidole changu! Mimi fundi wa majahazi. Chombo kikivuja, maji yanaweza kuingia huku, yakatambaa kwenye mataruma (mbavu za chombo), yakatokea kule. Sibandui ubao kwa sababu abiria kanionyesha palipolowa. Bwana yule, msomi, akabandua. Akapokea pesa, akaniambia nisile moto.

Ganzi ikaisha, maumivu yakarudi palepale. Nikapewa antibiotiki, yakapoa, nikatangaza barazani kwamba nimepona. Wapi! Dawa ilituliza usaha tu; jino likishafia ndani damu haipiti, na dawa haifiki penye uozo.

Mwishowe daktari wa meno Mombasa akapiga picha ya eksirei. Mwizi alikuwa gego la CHINI, lililozibwa zamani, limeoza chini ya kizibo hadi kwenye mzizi. Meno ya juu na ya chini yanatumia matawi ya neva moja kubwa ya uso, na tawi la taya la chini lina kitawi kinachopanda mbele ya sikio. Ubongo unajua upande unaouma, lakini jino gani, au ni sikio, unababaisha. Mapema wangeweza kutibu mzizi jino libaki. Nilipofika mimi lilikuwa limepasuka, likatoka nalo. Meno mawili kwa ugonjwa wa moja. Sasa nyama naitafuna upande mmoja, na mke wangu anasema nikitoa salamu napiga mbinja. Namwambia ni lahaja.

Kwa hiyo: BILA PICHA, HAKUNA KOLEO. Na picha peke yake haitoshi. Daktari agongegonge kila jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, aguse kwa baridi, juu NA chini, alinganishe na majirani zake. Lile linalobaki likiuma baada ya baridi kuondolewa ni la kushukiwa. Hata kama wewe umeshaapa ni la juu.

Meno yakionekana safi, weka kidole mbele ya sikio, fungua na kufunga mdomo. Pakitoa mlio na kuuma, huenda ni kiungo cha taya, hasa kama unasaga meno usingizini au unatafuna miraa hadi alfajiri (nawajua watu, sitaji). Magego ya juu nayo huuma yote pamoja mafua yakiziba matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya mashavu, na zaidi ukiinama. Hapo utang'oa lipi?

Uvimbe chini ya taya, mdomo kutofunguka, homa au shida ya kumeza: hospitali leo hii, usingoje Jumamosi wala mimi.

Kama hakuna hayo na bado unataka kwenda, ukikaa kitini, kabla hajavuta sindano, muulize picha iko wapi. Akikasirika, shuka.