Fundi wa ndani au kampuni ya nje? Majibu kwa wenye biashara

SWALI: Tuko wafanyakazi 40 katika ofisi moja. Mkurugenzi ameweka mshahara wa fundi mmoja wa kompyuta kando ya ada ya mwezi ya kampuni ya TEHAMA, akaona kampuni ni nafuu. Mimi ninayesimamia utawala bado nasita. Tuanzie wapi?

JIBU: Una haki ya kusita, maana hesabu hiyo haijakamilika upande wowote. Mshahara hufuatana na likizo, bima, mafunzo na leseni za programu za kazi. Ada nayo ina yasiyomo: kuhamisha ofisi, kufunga mashine mpya, kuitwa usiku. Tazama mfano huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mna mashine 40 za kuhamishiwa Windows 11, na baadhi ni kuukuu kiasi cha kutoikubali, je, kazi hiyo imo ndani ya ada au italetewa ankara yake? Iulizeni kampuni, na jibu lake liandikwe.

Kabla ya kuamua, fungueni daftari kwa siku 30. Kila tatizo liandikwe: limetokea saa ngapi, limewasimamisha watu wangapi, limechukua muda gani kuisha, na kama fundi alilazimika kufika au angeweza kulitatua akiwa mbali. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Printa iliyokwama karatasi, kebo iliyolegea, mfanyakazi mpya asiyeijua programu ya mauzo: haya yanataka mtu aliye jengoni, na kumsubiri fundi wa nje afike ni kupoteza nusu siku. Ikiwa daftari lina matatizo machache lakini mazito, kama seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) kuzima, barua pepe kutotoka au mtandao kukatika, hapo mnahitaji utaalamu mpana ambao ni nadra kuupata kwa mtu mmoja.

Kwa ofisi ya ukubwa wenu tunapendelea mchanganyiko: fundi mmoja wa ndani kwa kazi za kila siku, na kampuni kwa seva, mtandao, nakala rudufu (nakala za akiba za data) na usalama. Mpango huu huharibika pale mipaka isipoandikwa. Intaneti ikikatika, fundi anasema ni kazi ya kampuni, kampuni inasema ni swichi (kifaa cha kuunganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao) ya fundi, na watu 40 wamekaa. Orodhesheni vifaa na huduma zote kwenye ukurasa mmoja, na mbele ya kila kimoja liwepo jina moja tu la mwenye dhamana.

SWALI: Fundi wetu ni hodari, na kila kitu kiko kichwani mwake. Sasa tunataka huduma ya saa 24. Anaweza peke yake?

JIBU: Hawezi, na si haki kumwomba. Wiki ina saa 168. Mtu anayefanya kazi saa 40 anaziba chini ya robo yake, kwa hiyo kiti kimoja cha usiku na mchana kinataka watu 5 ukihesabu likizo na magonjwa. Kama si kila kitu kinachohitaji saa 24, nunueni kwa kampuni zamu ya usiku ya seva pekee.

La kichwani mwake ni la haraka zaidi. Achore ramani ya mtandao, aweke nywila zote kwenye programu ya kuhifadhia nywila inayomilikiwa na biashara, na iwepo akaunti moja ya dharura ya msimamizi ambayo nywila yake imefungwa kwenye bahasha ndani ya kasha la fedha. Kisha mpeni likizo ya wiki 2 bila kumpigia simu. Mtakapokwama ndipo penye pengo.

SWALI: Kampuni imetuahidi "kuitikia ndani ya saa 1" na "upatikanaji wa asilimia 99". Inatosha?

JIBU: Kuitikia si kutatua. Mtu akikujibu "tumepokea taarifa yako", saa yake 1 ameitimiza. Dai muda wa kutatua kwa kila daraja la tatizo: biashara nzima imesimama, idara moja imesimama, mtu mmoja amekwama. Asilimia 99 nayo inasikika vizuri, lakini katika mwezi wa siku 30 inaruhusu saa 7 na dakika 12 za kukatika. Asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 hivi. Soma pia kama hesabu inafanywa kwa saa za kazi au kwa siku nzima.

Tahadhari na malipo ya kila saa ya ukarabati kama mpango wa kudumu. Kampuni hulipwa vitu vinapoharibika, na kuzuia uharibifu hakumwingizii mtu chochote.

SWALI: Tukikabidhi kampuni, si tutakuwa salama zaidi dhidi ya wadukuzi?

JIBU: Kwa sehemu. Wana wataalamu, lakini mlango mmoja wao unafungua kwa wateja wengi. Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walipitia VSA, programu ya kampuni iitwayo Kaseya ambayo kampuni za huduma hutumia kuhudumia kompyuta za wateja kwa mbali. Kaseya ilikadiria kuwa biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika. Nchini Uswidi, maduka mengi ya vyakula ya Coop yalifungwa kwa sababu mashine za malipo zilisimama.

Kwa hiyo kila fundi wa kampuni awe na akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama namba ya siri kwenye simu), kamwe si nywila moja ya wote. Wekeni nakala 3 za data, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Angalau nakala moja isifikiwe na akaunti za kampuni hiyo. Kila miezi 3 rudisheni faili halisi kutoka kwenye nakala, mzifungue na kuzisoma, kwani ripoti ya "nakala imekamilika" haithibitishi kwamba inarudi.

SWALI: Tunaachana na kampuni yetu. Tudai nini?

JIBU: Anzeni na jina la kikoa la tovuti, yaani anwani yenu ya intaneti. Likiwa limesajiliwa kwa jina la kampuni hiyo, tovuti na barua pepe ziko mikononi mwao, kwa hiyo lihamishwe kwa jina la biashara yenu kabla hamjatoa notisi. Halafu dai nywila za ruta na seva, leseni, na nakala rudufu katika muundo unaosomeka bila programu yao. Siku ya mwisho, badilisheni nywila zote na futeni akaunti zao siku hiyohiyo.