Sailensi ya pikipiki kupanda yenyewe: maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya ugonjwa mmoja: pikipiki ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ambayo sailensi yake, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia resi, haitulii. Mara iko juu, mara inazima, mara umeachia resi lakini injini inaendelea kulia. Wengi wenu mmeshaambiwa mkanunue kabureta mpya. Naomba someni kwanza kabla hamjatoa hela.

Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ya Kichina ya cc 125 asubuhi inatulia vizuri. Ikishapata moto, nikisimama kusubiri abiria, resi inapanda yenyewe. Nimeshusha kwa skrubu, sasa asubuhi inazima. Fundi wa hapa mtaani anasema kabureta imekufa. (Kahama)

Marahaba. Kabureta usinunue, si sasa. Maelezo yako yanaelekeza kwingine: mara nyingi pikipiki ya namna hii inanyonya hewa mahali ambapo hewa haitakiwi kuingia, yaani kati ya kabureta na injini.

Injini ikiwa kwenye sailensi inakula petroli kidogo mno kupitia jeti ndogo (kipande cha shaba chenye tundu jembamba), na hewa kidogo inayopenya chini ya slaidi, kile kipande kinachopanda unapovuta resi. Kwa kuwa vyote viwili ni kidogo, hata ufa mwembamba kama unywele unatosha kuharibu mambo. Hewa inazidi, petroli inapungua, injini yenye moto inapandisha resi na kuyumba. Injini ikiwa baridi inataka petroli nyingi zaidi, kwa hiyo hewa hiyohiyo inaizimisha. Ndiyo maana skrubu haikukusaidia. Ulipoishusha mchana, uliiondolea injini ya asubuhi kile kidogo kilichokuwa kinaiweka hai.

Pa kuangalia ni hapa. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zinafuata muundo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Kabureta inashikwa kwa nati mbili tu, na nyuma yake kuna kipande kinene cheusi kinachozuia joto la silinda hedi. Kila kiungo kina oringi (pete ya mpira) au gasketi yake. Oringi ikizeeka inakuwa bapa na ngumu kama plastiki, ukiibana kwa kucha haibonyei. Tatizo la pili ni kubwa zaidi na linasababishwa na sisi mafundi: nati mbili zile zinakazwa kwa nguvu nyingi hadi masikio ya kabureta yanajikunja, katikati panabaki wazi. Toa kabureta, weka rula ya chuma kwenye uso wake, inua juani. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, umempata mwizi. Tandaza msasa laini juu ya kioo, sugua uso ule taratibu mpaka unyooke, futa vumbi lote, weka oringi mpya, kaza nati kwa zamu na bila kutumia nguvu nyingi.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Washa injini, chukua chupa ya kupulizia maji, pulizia kidogo kwenye viungo vyote kuanzia kabureta hadi silinda hedi. Mlio ukibadilika unapopulizia mahali fulani, hewa inaingilia hapo. Tumia maji, tafadhali. Nimeona watu wanapulizia petroli karibu na ekzosi ya moto, na hilo linaweza kukuunguza pamoja na pikipiki yako.

Tena usipake silikoni kuziba. Petroli inailainisha, inamenyeka, vipande vinaingia kwenye injini. Ukishaziba vizuri, rekebisha sailensi injini ikiwa na moto. Kwa CG125 ni mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Fundi, nikikata kona kali kushoto resi inapanda. Nikinyoosha usukani inashuka. (Tanga)

Huo ni waya wa resi. Aidha umefupishwa mno kwenye marekebisho, au umepitishwa vibaya unavutwa na usukani. Kishikio cha resi kinatakiwa kicheze bure milimita 2 hadi 6 kabla hakijaanza kuvuta. Legeza pale kwenye kirekebishi, kisha washa na uzungushe usukani mwisho kulia, mwisho kushoto. Resi isibadilike hata kidogo. Kama waya umeanza kukatika nyuzi ndani ya ganda lake, nunua mpya leo. Usibebe abiria ukiwa na tatizo hili. Pikipiki inayoongeza mwendo katikati ya kona inaweza kuua.

Nimesafisha kabureta mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilipowasha, ikapiga resi ya juu kabisa, nikazima kwa uoga. Nimekosea wapi? (Moshi)

Ulifanya vizuri kuzima haraka. Karibu nina hakika umerudisha slaidi kinyume. Itoe uitazame: ubavuni ina mfereji mrefu unaoingia kwenye pini ndogo ndani ya kabureta, na chini upande mmoja umekatwa mshazari. Mkato huo unatakiwa uangalie kwenye chujio la hewa, si kwenye injini. Ukiiingiza kinyume haishuki hadi chini, kwa hiyo injini inaamini umevuta resi. Igeuze, isikie ikikaa kwenye pini, funga kifuniko, kisha vuta resi na kuachia kabla ya kuwasha. Unatakiwa usikie *tak* slaidi inapogonga chini. Usiposikia mlio huo, usiwashe.

Kama iko sawa na bado inachelewa kushuka, angalia mikwaruzo na uchafu kwenye slaidi, pamoja na springi yake.

Kuna skrubu mbili kwenye kabureta. Ipi ya sailensi, na ile nyingine naifungua mara ngapi? Nimehamia Njombe kutoka Dar na pikipiki imebadilika. (Njombe)

Ile inayosukuma slaidi juu ndiyo ya sailensi. Nyingine inarekebisha mchanganyiko, na hapa wengi wanachanganyikiwa kwa sababu ziko za aina mbili. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inaongoza hewa: ukiifungua, mchanganyiko unapungua petroli. Ikiwa upande wa injini, inaongoza petroli: ukiifungua, petroli inaongezeka. Ukidhani unayo moja kumbe unayo nyingine, utaharibu kila unapogusa.

Anza kwa kuifunga taratibu hadi iguse, usiikaze kwa sababu ncha yake inavunjika. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa na moto, igeuze robo kwa robo ukitafuta mahali sailensi inapopanda juu zaidi na kutulia, halafu shusha sailensi kwa skrubu yake.

Kuhusu Njombe: uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo kabureta ileile inakupa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili ni plagi nyeusi yenye masizi na sailensi inayoanguka. Sogeza skrubu ya mchanganyiko kidogo kuelekea petroli kidogo. Ikibaki nyeusi, ulizia jeti ndogo zaidi kwa namba.

Jeti ndogo imeziba, naizibua kwa waya wa breki, inakaa siku chache inarudia. Leo sailensi juu, kesho chini. (Mombasa)

Acha waya, ndugu yangu. Jeti ya sailensi ya Keihin namba 38 ina tundu la milimita 0.38, na shaba yake ni laini. Uzi wa chuma unapanua tundu, na ukishapanuka hakuna kurudi nyuma. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia hewa ya kompresa. Kama inaziba kila wiki, uchafu unatoka juu: fungua koki ya tangi uangalie kutu, na uweke chujio la petroli kwenye mpira.

Jambo moja linalosahaulika: jeti ikiziba, watu wanapandisha skrubu ya sailensi ili pikipiki isizime. Siku jeti inapozibuka yenyewe, resi inaruka juu. Kila unaposafisha, rudisha na skrubu mahali pake.

Nimebadilisha kabureta, oringi, waya, chujio. Bado haitulii. (Dodoma)

Toka kwenye kabureta. Kwanza hakikisha choki inarudi yote, maana ikibaki nusu resi inasumbua. Halafu pima nafasi ya valvu injini ikiwa imelala usiku mzima. CG125 inataka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, na pikipiki yako ina namba yake kwenye kitabu. Valvu iliyobana inavujisha mgandamizo injini inapopata moto, sailensi inaanguka, nawe unapandisha skrubu. Mwambie fundi apime kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), si kwa kutikisa kwa vidole.