Kadi ya chakula, mshahara mpya, na huyo mwenye duka

Dada, umesema mumeo ameanza kazi tangu Machi, hamjaiarifu ofisi ya SNAP (msaada wa chakula wa serikali ya Marekani), na sasa mwenye duka anawapa dola 50 taslimu kwa kila dola 100 anazokata kwenye kadi ya EBT, ile kadi mnayowekewa msaada huo. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

La mshahara bado linarekebishika. Peleka hati za malipo wiki hii. Ikionekana mlipitiwa tu, watadai kilichozidi, mara nyingi kwa kukata kidogo kidogo kila mwezi. Wakithibitisha mlificha makusudi, aliyekosa ananyimwa msaada mwaka 1, mara ya pili miaka 2, ya tatu maisha. Watoto hawaondolewi kwa kosa lenu.

La duka achana nalo leo hii. Sheria ya Marekani inaruhusu kifungo hadi miaka 5 msaada uliouzwa ukifikia dola 100, na hadi miaka 20 ukifikia dola 5,000. Na msidhani hawaoni: kiduka cha mkate na soda kikikata dola 100 kamili mara kwa mara, kompyuta za serikali zinashtuka zenyewe. Kwa sisi tusio raia hatia ya namna hiyo inaweza kugusa hata makaratasi ya uhamiaji, mpaka kurudishwa kwetu.

Mkitumiwa fomu ya kukubali kosa bila kusikilizwa, msitie sahihi (najua Kiingereza chake kinachosha) kabla ya kumwona wakili wa msaada wa bure.