Jina lililomo kwenye fomu ya chama silo mrithi: fleti ya ushirika baada ya mwanachama kufariki

Mwanachama wa chama cha ushirika cha nyumba akifariki, mara nyingi khitma haijapoa mtu mmoja ameshafika kwa katibu na karatasi mkononi. Ni fomu aliyoijaza marehemu siku aliyojiunga, na ndani yake limo jina la mtoto mkubwa, au la ndugu, au la mke mmoja kati ya wawili, kuwa ndiye atakayepokea haki zake. Katibu anafungua daftari la wanachama, anakata jina la zamani, anaandika jipya. Ugomvi unaanzia hapo, na wote wawili wanaamini wamefuata utaratibu.

Fomu ile inakiambia chama kizungumze na nani na kimkabidhi nani. Haisemi mali ni ya nani. Kwa Muislamu wa Unguja au Pemba, mali hutoka kwa maiti kwenda kwa walio hai kwa wasia au kwa mirathi, na aliyetaka kutoa kabla ya hapo hutoa hiba, yaani zawadi. Ukiipima fomu kwa vipimo hivyo, haisimami. Si hiba, kwa sababu hiba lazima ikabidhiwe mtoaji akiwa hai, naye marehemu aliishi ndani ya fleti mpaka siku ya mwisho na ufunguo mfukoni mwake. Ukiifanya wasia, wasia hauzidi thuluthi ya mali, na kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie baada ya kifo. Kwa hiyo aliyetajwa ni mwekwa amana. Anapokea, kisha anawapa wenyewe.

Vyama vya namna hii vimeenea sana India, na huko nako hoja hii imefika mbali. Mwaka 2016, katika shauri la fleti ya Kolkata, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba chama kinafungwa na jina lililoteuliwa na kinapaswa kumhamishia hisa, lakini wengine katika familia wanabaki na haki ya kudai urithi wao. Ni sheria nyengine na dini mbalimbali, lakini tofauti kati ya anayepokea na anayemiliki ni ile ile.

Mirathi kwanza, basi, chama baadaye. Chukua cheti cha kifo, barua ya sheha wa shehia aliyoishi marehemu, vyeti vya ndoa (vyote, kama wake ni zaidi ya mmoja), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na vitambulisho vya warithi wakubwa. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au Mahakama ya Kadhi pale ambapo tayari pana mgogoro juu ya nani mrithi. Wasiokuwa Waislamu huenda mahakama za kawaida. Mnachokitafuta ni waraka unaotaja warithi wote na mafungu yao. Usikubali orodha iliyoandikwa na mtu mmoja nyumbani. Wanaosahauliwa ni wale wale kila siku: mama mzazi wa marehemu, mke wa shamba, na watoto wa ndoa iliyovunjika zamani.

Hapo hapo jueni mnachorithi ni kitu gani. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya matumizi, ambayo hurithiwa. Fleti iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2010 ina hati yake, na hati hiyo inaingia kwenye mirathi moja kwa moja. Chama cha ushirika ambacho chenyewe ndicho chenye jengo kina sura nyengine: marehemu alikuwa na hisa, akiba au amana aliyoweka, na haki ya kukaa kwa mujibu wa masharti ya chama. Ombeni nakala ya masharti hayo, msome kifungu cha kifo cha mwanachama kabla ya kusema neno lolote mkutanoni. Humo ndimo mtajua kama mrithi anaingia uanachama, au chama kinalipa thamani ya hisa, na thamani hiyo inapigwa kwa bei ya siku gani. Bei aliyonunulia marehemu na bei ya leo ni mbingu na ardhi.

Kabla ya kugawa, toeni gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia. Katika madeni lipo moja linalorukwa kwa haya: mahari ambayo hayajalipwa. Ni deni kama mkopo wa benki, na mjane analidai kabla ya kuhesabu thumuni yake, yaani fungu lake la moja ya nane. Mkopo wa fleti uliobaki nao utoke, pamoja na ada za matengenezo zilizolimbikizwa mpaka siku ya kifo. Ada za baada ya siku hiyo si deni la maiti, ni za wanaoimiliki fleti sasa. Tumeona kamati zikichanganya hesabu hizi mbili, zikawatoza mayatima ada za miaka ambayo ami yao ndiye aliyekuwa akikaa na kutumia maji.

Na kama mke alichangia ununuzi, sehemu yake ni mali yake, haiingii kwenye mirathi hata kidogo. Lakini atahitaji ushahidi: risiti za chama zenye jina lake, taarifa za benki zinazoonesha pesa zikitoka, au mashahidi waliokuwepo. Neno tupu "tulinunua pamoja" halimfikishi mbali.

Tuchukue mfano. Maiti ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumuni, mama sudusi, yaani moja ya sita. Asili ya hesabu, namba inayogawika kwa nane na kwa sita, ni 24: mke 3, mama 4, zinabaki 17 za watoto. Kila mwana wa kiume ana mafungu mawili na wa kike moja, jumla 7, na 17 haigawiki kwa 7, kwa hiyo zidisha 24 kwa 7 upate 168. Mke anapata 21, mama 28, kila mwana wa kiume 34, kila wa kike 17. Kama fleti imethaminiwa shilingi milioni 84 baada ya madeni, fungu moja ni laki tano. Mke milioni 10 na nusu, mama milioni 14, kila mwana wa kiume milioni 17, kila wa kike milioni 8 na nusu. Iandikeni karatasi hii na kila mrithi apewe nakala.

Fleti ya vyumba viwili haikatiki vipande saba. Mnaweza kuuza na kugawana, au kukodisha na kugawana kodi kwa mafungu hayo hayo, au mmoja kuichukua na kuwalipa wenzake, ambayo wanazuoni wanaiita takharuji. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa familia nyingi na ndiyo inayoharibika zaidi, kwa sababu huwa ahadi ya mdomo: "nitawapa kidogo kidogo." Iwe na thamani iliyotolewa na mthamini, tarehe ya kila malipo, na sharti kwamba daftari la chama halibadilishwi mpaka malipo ya mwisho. Mrithi aliyeko Maskat au London atume hati ya uwakala iliyothibitishwa ubalozini, inayotaja fleti hii kwa jina na namba. Ujumbe wa sauti kwenye simu hautoshi.

Hapa tuseme wazi. Dada anayeambiwa "msamehe kaka yako" kabla hajajua fungu lake ni shilingi ngapi hajaridhia kitu. Aelezwe kwanza, apewe muda, kisha aamue mwenyewe. Mtoto mdogo hawezi kusamehe kabisa, wala mlezi wake hawezi kumsamehea.

Kuchelewesha kuna bei yake. Mrithi mmoja akifa kabla ya mgao, fungu lake linashuka kwa warithi wake mwenyewe, na hesabu inakuwa munasakha, mirathi ndani ya mirathi. Vifo viwili tu, na fleti moja ina warithi thelathini. Jambo hili watu hulichanganya na la mjukuu ambaye baba yake alikufa kabla ya babu: huyo, wakiwepo ami zake, harithi, na mlango wake ni wasia wa babu akiwa hai.

Kwa wanakamati: mkipata khabari ya msiba, andikeni daftarini "warithi wa marehemu fulani" na msimamishe uhamisho wowote. Warithi wateue mmoja wa kupokea barua na kupiga kura moja kwa niaba ya wote, na iandikwe kuwa uwakilishi huo haumpi umiliki. Mjane yumo edani miezi minne na siku kumi. Asigongewe mlango kwa ada wala kuulizwa lini atahama.

Mkishindwa kuelewana, msipeleke kila kitu mahali pamoja. Nani mrithi na kwa fungu gani ni la Kadhi. Chama kikikataa kutekeleza masharti yake chenyewe, malalamiko yaende kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Umiliki na matumizi ya ardhi ni ya Mahakama ya Ardhi. Shauri lililofunguliwa pasipo pake hufutwa, na miezi mliyongojea hairudi.

Na wewe uliye hai na hisa zako, nenda kwa katibu wiki hii uitazame fomu yako. Kando ya jina uliloandika, ongeza maneno haya, utie saini na tarehe mbele ya mashahidi wawili: "apokee kwa niaba ya warithi wangu wote, kwa mgao wa sharia."